Nishani ya Mehnga Singh

Mimi na Mehnga Singh tulitoka kijiji kimoja cha Punjabi, tukaandikishwa jeshini siku moja, tukapelekwa Adeni kupigana na Waturuki. Tangu utotoni alikuwa akinibwaga kwenye mieleka. Nilidhani vitani tutalingana.

Asubuhi moja karibu na Sheikh Othman, subedari wetu, afisa mzee wa kikosi, alipigwa risasi ya paja, akaanguka mchangani mbele ya mahandaki. Tulimfuata sote wawili bila kuamriwa. Mehnga alimshika mabega, mimi miguu. Nusu ya njia, bunduki ya rashasha ikaanza kutumiminia risasi. Nikaiachia miguu ya mzee, nikajilaza kifudifudi nyuma ya tuta la mchanga. Mehnga akambeba mgongoni, akamfikisha handakini peke yake.

Siku alipovishwa nishani ya ushujaa nilipiga makofi kuliko wote, watu wasije wakanisoma usoni.

Tuliporudi nyumbani, mke wangu Basant hakunipa nafasi ya kupumua. “Mwenzako kaja na fedha kifuani, wewe umetuletea chawa!”

Nikaanza kuchonga maneno. Kila penye watu wawili watatu nilisema, “Waturuki walishakimbia siku nyingi. Kubeba mzee kwenye uwanja mtupu, ushujaa gani huo?”

Yakamfikia Mehnga. Akaja kwenye kinu cha miwa, wanaume wote tukiwa pale tunachemsha sukari guru.

“Kaka, nasikia Waturuki walishakimbia?”

Nilijua sasa atanivua nguo mbele za watu.

Akawageukia wazee. “Baba zangu, handakini tulitoka wawili, mimi na huyu. Nishani ilikuja moja tu. Ana haki ya kununa.”

Wakashangilia! Huyu ananipiga mgongo, yule ananijazia kiganja sukari guru ya moto. “Kumbe na wewe, bwana! Mbona ulikaa kimya?”

Nilimkimbilia Mehnga njiani. “Kwa nini hukuwaambia?”

“Niwaambie nini?”

“Unajua.”

“Ulitoka handakini, hukutoka?”

“Nilitoka.”

“Basi,” akasema, akaenda kukamua nyati wake wa kufugwa.

Laiti angenitukana. Angeweza kuzeeka, mieleka ikamtoka, na nishani ingeweza kuibiwa. Hili la leo nani angemnyang’anya? Nilibaki njiani nikimtazama mgongo, nikimchukia kuliko nilivyopata kumchukia.