Saini Nne za Wino

Kadi ilikuwa mezani katikati yao watatu, na hakuna aliyeigusa. Saini kumi na mbili zilipangana juu hadi chini kama vifungo vya kanzu. Nane ziliandikwa kwa penseli nyekundu ya fundi, ile ambayo Mama Pindo huichomeka ndani ya mtandio juu ya sikio tangu asubuhi mpaka anapofunga kazi. Nne za mwisho ziliandikwa kwa wino mweusi.

"Mama, tazama vizuri," alisema msajili wa chuo. "Hizi nne ni mkono wako?"

Msajili hakuwa mtu baki. Msikitini walisimama safu moja ya wanawake, bega kwa bega, na mara nyingi wakati wa kuvaa viatu alikuwa akimwomba Mama Pindo dua. Hata hapa, nyuma ya meza yenye mihuri na mafaili, alimwita Mama kwa heshima ile ile.

Kwenye kiti cha dirishani alikaa mwanafunzi, binti aliyevuka bahari kuja kusoma, magoti yamebanana na daftari amelikumbatia kifuani. Mtaani walimpa jina la Daftari, maana hata akisalimiwa huandika. Chuo kilikuwa na utaratibu wake: kila mwanafunzi mgeni hupangiwa mwenyeji wa kuzungumza naye saa nzima kila Alhamisi, mara kumi na mbili, na kila mara mwenyeji husaini. Kadi isipokamilika, hakuna mtihani wa mazungumzo. Bila mtihani, kibali cha kuishi hakiongezwi.

"Yeye amekiri kwamba aliziandika," msajili aliendelea. "Nikamuuliza kwa nini, akasema, 'Nimekosa.' Basi. Zaidi ya hapo, bubu. Mimi nataka neno lako tu, niandike. Kama si mkono wako, sina la kumsaidia. Atafungasha."

Mama Pindo aliitazama kadi. Neno moja tu, na angeweza kurudi kwenye cherehani yake akiwa yule yule.

*

Alhamisi ya kwanza binti alikuja na karatasi ya chuo yenye orodha ya mazungumzo: hali ya hewa, kazi, safari, familia. Alikaa kwenye kigoda akauliza kuhusu mvua, akajibiwa kuhusu mvua, kisha wote wawili wakanyamaza kama waliogombana. Msusi wa chumba cha pili alichungulia dirishani.

"Mama Pindo, mtoto wa watu umemshona mdomo?"

"Bado sijamchukua vipimo," alijibu bila kusimamisha cherehani. "Akikaa sawa utamsikia."

Na kweli alikaa sawa. Kufika Alhamisi ya nne alikuwa hasubiri kuambiwa, anashika ncha ya pili ya kitambaa kikikatwa. "Shika, usivute. Umevuta! Sasa huyu mteja atavaa shati la mgongo wa ngamia." Binti akacheka mpaka kitambaa kikamponyoka. Katika kushika na kukunja, maneno yalimjia yenyewe, na Mama Pindo, ambaye darasa lake la mwisho lilikuwa la saba, alijiona mwalimu. Siku za Alhamisi akaanza kufagia mara mbili.

Alhamisi ya nane walifika kwenye familia.

"Mume wako alipokufa," binti aliuliza taratibu, akichagua kila neno, "wewe ulikuwa karibu?"

Mtaa mzima ulikuwa na jibu. Siku ya msiba mwanamke mmoja alisema marehemu amefia mikononi mwa mkewe, mwingine akalipokea, na mjane, aliyejifunika shuka kutwa kucha, aliwaacha waseme. Miaka sita hakukanusha. Lakini pia hakuwahi kulitamka. Kwa hesabu yake ya uchamungu, asiyesema hakudanganya.

Ukweli ni kwamba walipokuja kumwita hospitali alikuwa na suruali ya mteja kwenye cherehani. Akasema, "Nimalize pindo hili kwanza." Alipofika wodini, shuka lilikuwa limeshavutwa hadi juu ya uso. Miaka ya nyuma watu walikuwa wamempa jina kwa kumsifu, kwamba pindo lake halifumuki. Tangu siku ile kila aliyemwita hivyo alimgusa palepale penye kidonda, akitabasamu.

"Ndiyo," alimjibu binti. "Alifia mikononi mwangu."

Na binti akaandika. Aliandika polepole, herufi kubwa kubwa, ulimi umetokeza kidogo pembeni ya mdomo. Mama Pindo aliutazama uongo wake ukikaa kwenye mstari, neno baada ya neno. Akasaini kadi kwa penseli nyekundu.

Alhamisi iliyofuata, ilipokaribia saa yao, alifunga mlango kwa komeo. Hakujiambia anafanya nini. Mlango ukagongwa mara tatu, kwa adabu. Alikaa mbele ya cherehani, nyayo kwenye pedeli, akizuia hata pumzi. Alitegemea kusikia hatua zikiondoka. Badala yake alisikia mtu akikaa kwenye ngazi ya mlangoni, daftari likifunuliwa, kisha sauti ya chini:

"Habari za kazi, Mama? Nzuri, mwanangu. Leo unashona nini? Leo nashona gauni. Je, naweza kushika? Shika, usivute."

Pande zote mbili alizisema mwenyewe. Saa ilipokwisha aliinuka, akajipangusa vumbi, akaenda zake.

Ikawa hivyo Alhamisi nne. Kila mara Mama Pindo alisema wiki ijayo atafungua, na kila mara mguu ulikataa kushuka kwenye pedeli. Alizidisha sunna, alizidisha uradi, na mlango ukabaki na komeo lake.

*

"Mama?" msajili aliita.

Angesema saini ni zake, binti angepona, na yeye angekuwa ametoa ushahidi wa uongo mbele ya Mola wake na kwenye karatasi. Angesema si zake, angekuwa amesema kweli tupu, na kweli hiyo ingempandisha ndege mtu aliyegonga mlango Alhamisi nne. Alishangaa jinsi kweli inavyoweza kukatwa vibaya kama kitambaa, ikabaki safi na isivalike.

"Si mkono wangu," alisema.

Binti aliinamisha kichwa. Msajili alivuta pumzi, akachukua kalamu.

"Ngoja, mwanangu, usiandike kwanza. Alikuja."

"Alikuja wapi?"

"Kwangu. Siku zote nne, kwa saa yake, na akakaa saa nzima."

"Sasa mbona hukumsainia?"

"Sikumfungulia."

Msajili alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayesubiri aelezwe vizuri. "Ulikuwa umetoka. Ulijuaje kama alikuja?"

"Nilikuwa ndani."

Kalamu ilirudi mezani bila sauti. Nje, ukumbini, mtu alikuwa akiburuta meza, na mlio wake ukakwaruza chumba kizima.

"Nilikaa namsikia anagonga, nikanyamaza mpaka akaondoka. Mara nne. Wino ni kosa lake, na kosa ni kosa. Lakini saa zile alizikaa. Andika yote mawili."

"Lakini kwa nini, Mama? Wewe?"

Lile "wewe" lilikuwa na safu nzima ya swala ndani yake. Mama Pindo aliinua uso. Binti alikuwa akimtazama, na machoni pake hapakuwa na mshangao wowote.

"Hilo nitamjibu yeye kwanza," alisema.

Msajili aliandika kwa muda mrefu. Alisoma alichoandika, akamwonyesha pa kuweka saini, na Mama Pindo akachomoa penseli yake nyekundu. "Wakubwa watakaa Jumatatu," msajili alisema. "Siahidi kitu." Aliwafungulia mlango, akasema karibuni tena. Safari hii hakumwita Mama.

*

Walitembea hadi mtaani. Msusi alipunga kitana, akafungua mdomo kutania, akaona nyuso zao, akaufunga.

Mlangoni Mama Pindo alipapasa ufunguo kwenye mkoba, asiupate. Akakaa kwenye ngazi, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu apange chumba kile, akainama kulegeza kiatu. Hapo ndipo alipoona.

Chini ya mlango palikuwa na uwazi wa vidole vinne. Jua la dirisha la nyuma lilipita sakafuni, na katikati ya mwanga huo pedeli ya cherehani ilionekana yote, mpaka kutu yake.

Alibaki ameinama. "Uliniona," alisema hatimaye.

Binti alikaa kando yake. "Niliona miguu. Miguu ya Mama."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na ofisini hukusema. Wanataka kukurudisha kwenu, na hukusema!"

Binti alifikiri, akipanga maneno. "Waliniuliza saini," alisema. "Hawakuniuliza miguu."

Mama Pindo alitoa sauti iliyoanza kama kicheko na haikufika huko. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. Ufunguo aliokuwa akiutafuta ulikuwa mkononi mwake muda wote, lakini hakuinuka kufungua.

"Lile swali lako," alisema. "La siku ile. Niulize tena."

Binti alifunua daftari kutafuta ukurasa. Akaupata. Akautazama kidogo, kisha akalifunga, akaliweka kwenye ngazi, na penseli juu yake.

"Mume wako alipokufa," aliuliza, "wewe ulikuwa karibu?"

Mama Pindo alinyoosha kidole chini ya mlango, kwenye pedeli iliyokuwa katika ule mwanga.

"Nilikuwa pale," alisema.