Nakatamali za Mafundo Mawili

Kwenye daraja la Guapote wamebandika kibao cha shaba kinachosema kwamba sisi mgambo wa bonde hili tulilitetea "kwa ushujaa usio na kifani". Sijui nani aliyeandika maneno hayo, ila hakuwepo. Kila mwaka mwalimu wa shule ananiita niwasimulie watoto. Nawasimulia malori, rashasha na matope, wanapiga makofi, nakunywa soda yangu, narudi nyumbani. Habari ya nanaa sijawahi kuwaambia. Watoto wangecheka, mimi ningelia, na mwalimu angebaki hajui ashughulike na nani kwanza.

Vita vyetu vya Nikaragua, miaka ile ya themanini, vilitukuta wavulana wawili wa mama mmoja. Mimi Teódulo, mkubwa, niliingia mgambo wa serikali pamoja na ushirika wetu mzima wa kahawa. Mdogo wangu Lencho alikuwa ameshagombana na mwenyekiti wa ushirika. Walimchukulia ng'ombe wake, wakasema ni wa wote, naye akavuka mto akajiunga na kontra waliokuwa wanaipiga serikali. Ng'ombe mmoja tu, tena aliyekonda. Mpaka leo nikiona ng'ombe mwekundu roho inanichafuka.

Basi mimi nikapangwa kulinda daraja, na Lencho akawa mmoja wa wale waliotaka kuliangusha. Kahawa yote ya bonde ilipita pale. Daraja likienda, mavuno yangeozea mashambani na sisi tungekula majani. Mama yetu, doña Nicolasa, ambaye kila mtu alimwita doña Nico, hakuwa na habari na kahawa. Alitaka kitu kimoja tu duniani: vita viishe akiwa bado ana watoto wawili.

Kila Jumamosi alipika nakatamali. Alitandaza majani ya mgomba, akaweka unga wa mahindi uliokandwa na mafuta ya nguruwe, nyama, wali kidogo, kipande cha nyanya, na juu kabisa kijiti cha nanaa. Kisha akafunga kwa ukamba wa mgomba, fundo moja. Lencho tangu mdogo hakuweza kabisa kula nanaa. Ukimtilia alikuwa anatema mbele ya wageni. Kwa hiyo za Lencho hazikuwa na nanaa, na ili zisichanganyike sufuriani alizifunga mafundo mawili.

Mchana alikuja darajani na kapu kichwani. Rashasha yetu ilikuwa mikononi mwa Chavarría, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mtu mnene asiyeishiwa maneno. Mimi nilikuwa msaidizi wake, kazi yangu kumlishia mkanda wa risasi. Mama alitugawia wote za fundo moja, halafu akafunika kapu kwa kitambaa.

"Doña Nico, na hizo za chini?" Chavarría aliuliza kila Jumamosi, kama vile hajui.

"Za bibi Eulalia, ng'ambo. Mama wa ubatizo wa Lencho."

"Mbona bibi Eulalia anakula kama jeshi zima?"

"Ana minyoo."

Tulicheka hadi tukakohoa. Kila mtu pale alijua zinakwenda kwa nani, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Jaribu kumzuia doña Nico akiwa na kapu kichwani uone. Kabla hajavuka aliniegemea sikioni, lakini alinong'ona kwa sauti ambayo hata samaki waliisikia.

"Wewe Teo, hiyo bunduki inaangalia wapi?"

"Inaangalia ng'ambo, mama."

"Iangalie juu."

"Mimi sipigi, mama. Mimi nalisha mkanda tu. Mpigaji ni Chavarría."

"Chavarría! Umesikia? Upige juu."

"Doña Nico, nikipiga juu mimi, wale watanipiga chini."

"Hawatapiga chini. Nakwenda kuwaambia na wao."

Na kweli alikwenda. Alivuka daraja peke yake, taratibu, katikati ya barabara, akapotea kwenye migomba ya upande wa pili. Alirudi jioni, kapu tupu, na uso umetulia kama mtu aliyetoka kuungama.

Unaweza usiniamini, lakini kwa miezi mingi ilikuwa hivyo. Kontra walikuja, wakatufyatulia, sisi tukawajibu, na Chavarría akainua mdomo wa rashasha akakata matawi ya mikuyu. Majani yalianguka mtoni. Upande wao nao risasi zilipita juu sana, zikawatia wazimu kunguru. Baadaye walianza kutupigia kelele.

"Oyaa, mbwa vichaa! Leo mmekula nini? Maharage?"

"Njoo uoshe sahani!" Chavarría aliwajibu.

Siku moja nikasikia sauti ya Lencho, hapo hapo nikaitambua, ile sauti yake ya puani. "Teo! Bado unakojoa kitandani?"

Wenzangu waliangua kicheko. Mimi nikageuza uso nisionekane, maana machozi yalikuwa yananitoka, nilivyomkumbuka yule mpumbavu. "Na wewe bado unatema nanaa?" nikamjibu kwa kelele. Nadhani naye alikuwa amegeuza uso.

Kisha msimu wa mavuno ukafika, na kikosi kipya cha kontra kikashuka kutoka mpakani kuungana na kina Lencho; hao wapya hawakumjua doña Nico wala kapu lake. Jumapili moja asubuhi, malori yetu ya kwanza ya kahawa yalikuwa yameshaingia darajani, na juu ya magunia wamekaa wachumaji, wanawake na watoto. Ndipo walipotuvamia. Risasi za siku ile zilikuja chini, usawa wa kifua. Dereva wa lori la mbele alilala juu ya usukani, honi ikalia bila kukoma. Watoto walikuwa wanaruka kutoka juu ya magunia.

Chavarría alinitazama. Hakuwa na utani usoni. "Leo hapana, Teo," akasema, na akashusha mdomo wa rashasha.

Nikamlishia mkanda. Ungefanya nini? Watoto walikuwa wametambaa mpaka nyuma ya migongo yetu, mmoja ameshika mkanda wa suruali yangu. Nililisha mpaka vidole vikaungua, na kila mkanda ulioingia nilisema moyoni, Lencho usiwepo, Lencho usiwepo, Lencho leo uwe umeumwa tumbo.

Daraja halikuanguka. Hiyo ndiyo sehemu wanayoipigia makofi.

Kontra waliporudi nyuma tulivuka. Walikuwa wamebeba maiti zao kama ilivyokuwa desturi yao, wameacha damu na viatu. Karibu na maji palikuwa na jiwe fupi, na nyuma yake mkoba wa turubai. Nikaufungua. Ndani mlikuwa na soksi, kijiko, na nakatamali moja ambayo haijaguswa, imefungwa mafundo mawili.

Nilimpelekea mama. Sikujua lingine la kufanya. Aliishika kwa mikono yote miwili, akaigeuza, akanusa.

"Ameisahau," akasema. "Mtu akikimbia husahau vitu."

"Mama, palikuwa na damu."

"Nimekwambia ameisahau."

Hakuvuka tena, maana bibi Eulalia alisema kikosi kimehama. Ila kila Jumamosi aliendelea kupika, na kila Jumamosi palikuwa na moja ya mafundo mawili juu ya rafu, imefunikwa kwa kitambaa. Jumatatu nilimpa nguruwe. Miaka ilikwenda hivyo. Nguruwe wetu walinenepa kwa chakula cha ndugu yangu.

Vita viliisha mwaka wa tisini. Kontra walitangaziwa waje mjini kukabidhi silaha, na njia ilikuwa moja, daraja letu. Mama aliamka akapika sufuria nzima, zote za mafundo mawili. Akaenda kusimama katikati ya daraja, amevaa gauni lake la kanisani. Mimi na Chavarría tulisimama nyuma yake. Walipita makundi kwa makundi, wamekonda, ndevu ndefu, wengine wadogo kuliko bunduki zao. Mama alitazama kila uso. Uso ukipita aliuacha, akashika mwingine.

Karibu na mwisho, kijana mmoja mrefu alisimama mbele ya kapu. Aliangalia yale mafundo. Kisha akavua kofia.

"Hizi hazina nanaa," akasema.

Mama alinishika mkono. "Umejuaje, mwanangu?"

"Lencho alikuwa ananigawia nusu. Kila Jumamosi. Bi mkubwa, mimi nilikuwa naye."

"Yuko wapi?"

Kijana alitazama maji. Nilitaka aseme uongo. Mungu anisamehe, nilimwomba kimoyomoyo aseme Honduras, aseme ameoa, aseme chochote.

"Tulikuwa nyuma ya jiwe," akasema. "Jiwe lenyewe fupi. Ukilala unaweza kupiga mbele, lakini ukitaka kupiga juu lazima unyanyuke. Nikamwambia, Lencho, leo lala upige kama wenzako. Akasema, siwezi, mama kanikataza." Akaikunja kofia mkononi. "Akanyanyuka."

Walimbeba siku mbili, akafia njiani, wakamzika mlimani mahali ambapo kijana mwenyewe hakuweza tena kupakumbuka.

Mama hakulia. Alichukua nakatamali, akamfungulia yule kijana mafundo yote mawili, akamwambia, "Kula, mwanangu." Akala pale pale, amesimama, machozi yanaingia kwenye chakula.

Nyuma yangu nikasikia buti. Chavarría alikuwa anaondoka, kichwa chini, anashika vyuma vya daraja kama mlevi.

"Chavarría!" mama akaita. "Unakwenda wapi? Hujala."

Alisimama lakini hakugeuka. Mama akamfuata, akamtia nakatamali mkononi, akamkunja vidole kimoja kimoja mpaka akaishika. Habari ya Jumapili ile hakumgusia, wala siku nyingine yoyote.

Jumamosi iliyofuata aliniita jikoni nimsaidie kufunga, kwa kuwa macho yalikuwa yamemvimba haoni vizuri. Nilishika ukamba, nikamuuliza ni ngapi za mafundo mawili.

"Fundo moja," akasema. "Zote tia nanaa."