Masharti ya Kibana Mafuta

"Kheir, tumepitwa na baiskeli."

"Nimeiona, Bi Shariffa."

"Ina tenga la pweza nyuma. Na mwenyewe mtu mzima mwenye mvi."

"Inateremka ile, Bi Shariffa. Ikifika kwenye tambarare itachoka."

Baiskeli ilifika kwenye tambarare, ikazidi kwenda, ikapotelea kwenye kona ya msitu wa Jozani. Mikono miwili ya Kheir ilikuwa juu ya usukani, na macho yake yalikwenda barabarani, yakarudi kwenye mshale wa spidi, yakaenda tena barabarani. Mshale ulikuwa kwenye hamsini, na Kheir aliuchunga kama mtu aliyebeba sinia la mayai.

Kiti cha nyuma Bi Shariffa alikuwa amepakata bahasha kubwa, furushi la shuka jeupe. Ndani yake mlikuwa na joho la marehemu mumewe, jeusi, la nyuzi za dhahabu, lililofukizwa udi tangu jana. Wanaume wote wa nyumba ile walioa nalo. Leo alikuwa anaoa mjukuu wake Zahran, Dar es Salaam, nikaha baada ya sala ya alasiri, na Bi Shariffa hakumwamini mtu yeyote kulibeba isipokuwa yeye mwenyewe. Ila wageni wa nyumba yake ya kulala wageni pale Paje walichelewa kuondoka asubuhi, na yeye akachelewa nao. Boti ilikuwa ya saa sita. Saa ya gari ilionyesha saa tano na dakika tano.

"Basi washa hicho kiyoyozi, jasho lishaingia machoni."

"Hairuhusiwi, Bi Shariffa."

"Hairuhusiwi na nani?"

Kheir alionyesha kwa kidevu. Kwenye kioo cha kati, pembeni mwa tasbihi, ilining'inia karatasi iliyotiwa ndani ya plastiki, na juu yake imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: MASHARTI.

Karatasi ile aliipata Malindi, kwa Mahfoudh, aliyekuwa akiuza nje ya geti la bandari dawa ya mende, vifuniko vya simu na, tangu mwezi wa Rajabu, kibana mafuta. Kilikuwa kidude cha bati chenye sumaku mbili, ukubwa wa kiberiti, kinachokumbatia mpira wa mafuta chini ya gari, karibu na tangi. Sumaku, alieleza Mahfoudh, huyapanga mafuta yakaingia kwenye injini kwa adabu, tone kwa tone, bila kusukumana. Akakifunga mwenyewe. Kisha akatoa masharti: usizidi hamsini. Usifunge breki kwa ghafla. Usiwashe kiyoyozi. Jaza upepo kila Ijumaa. Usibebe mzigo usio na kazi. Ukisubiri abiria, zima injini. Na la mwisho, kubwa kuliko yote: usiingie chini kukichungulia.

Mtu mwingine angeshuku. Kheir ndipo alipoamini. Alikozaliwa, kisiwani Tumbatu, hakuna dawa ya maana iliyotolewa bila masharti; hii usile pweza, ile usivuke maji siku saba, na hirizi ndiyo kabisa, ukiifungua umejimaliza mwenyewe. Kidude kisichokuwa na masharti angekirudisha siku ileile.

Na kikafanya kazi! Tangi lililokuwa likiisha Jumatano likaanza kufika Ijumaa. Madereva wenzake wa Malindi walimcheka, kisha wakamhesabia siku, kisha wakanyamaza, kisha mmoja mmoja wakamfuata kumuuliza. Sita walinunua kwa neno lake. Kwa miaka thelathini Kheir alikuwa akikaa mwisho wa baraza yao, pale penye mtaro wa maji machafu, na akisema jambo watu waliendelea na mazungumzo yao. Sasa alipewa nafasi ya katikati na kikombe cha kwanza cha kahawa, na jina jipya: Injinia. Alilipenda jina lile kupita kiasi. Usiku akiwa peke yake aliwahi kulitamka, taratibu, kusikia linavyokaa mdomoni.

"Na ukizidi hamsini," aliuliza Bi Shariffa, "kinakuwaje hicho?"

"Kinavurugika. Mafuta yanatoka kwenye mpango."

"Mpango gani?"

"Mpango wake, Bi Shariffa. Haya mambo ya kitaalamu."

Mbele yao kima punju wawili walivuka barabara. Wa pili alisimama katikati, akalitazama gari linavyokuja, akajikuna ubavuni, akaendelea na safari yake bila haraka. Kheir hakuhitaji hata kugusa breki.

Pale pale likatokea gari jeupe kutoka upande wa mjini, limejaa wazungu na mbao zao za kuchezea upepo baharini. Alikuwa Haroub, mmoja wa wale sita. Naye alikuja kwa hamsini, foleni ndefu nyuma yake inapiga honi. Walipopishana Haroub alitoa mkono dirishani.

"Injinia!"

Kheir akapunga. Ungemwona wakati ule ungedhani amepandishwa cheo. Na hapo ndipo penye taabu yake: njia nzima ya Paje ilikuwa na macho. Akikimbia leo, jioni barazani wataulizana kama Injinia mwenyewe anavunja, wao wanafuata nini? Atarudishwa mtaroni.

"Kheir, baba," alisema Bi Shariffa, na sauti ilikuwa ya upole, jambo lililomtisha zaidi. "Mume wangu alilivaa joho hili. Baba yake alilivaa. Mtoto leo akikaa mbele ya kadhi na shati la mikono mifupi, mimi n'takufa na wewe utakuwa sababu. Na kabla sijafa n'tampa wageni wangu wote Amour, yule dereva mwenye gari jipya."

Walikuwa wanaingia Tunguu, na saa ilisema tano na nusu.

"Fundi Matar yuko hapo mbele," alisema Kheir mwishowe. "Akivue kwanza. Kikivuliwa kwa heshima hakidhuru, n'takimbia utakavyo. Ukirudi Jumapili nitakirudisha."

"Kivue hata kwa kisomo, ila upesi."

Matar alikuwa fundi kijana mwenye gereji ya mabati kando ya barabara. Alipoona Kheir anashuka mbio alisimama, akijifuta mikono na kitambaa kichafu kuliko mikono.

"Ami Kheir, shikamoo."

"Marahaba. Ingia chini univulie kibana mafuta. Dakika tano tu, nna mtu wa boti."

Matar hakuingia chini. Aliutazama uso wa Kheir, akamtazama Bi Shariffa dirishani, akajikuna kisogo.

"Kibana mafuta kipi, Ami?"

"Changu! Kiko kwenye mpira, karibu na tangi."

"Hakipo huko. Kiko pale."

Kheir aligeuka. Juu ya meza ya kazi, kidude cha bati kilikuwa kimelala ubavu, kimejaa nati, skrubu na vipande vya waya vilivyoganda pande zote.

"Kinafaa sana, wallahi," alisema Matar. "Toka nikiweke pale nati haipotei."

"Lini?" Sauti ya Kheir ilikuwa ndogo.

"Mfunguo Mosi, baada tu ya Idi, ulipokuja kubadilisha oili. Kile kibano chake kina makali, Ami. Kilikuwa kinautafuna mpira kila gari likitikisika. Nilipoingia chini petroli ilikuwa inadondokea bomba la ekzosi. Ungewaka wewe na abiria wako. Nikakitoa, nikatia mpira mpya."

"Na hukunambia?"

"Nilikwambia! Ulikuwa kwenye simu unamsimulia mtu habari za kidude hichohicho. Ukanambia, 'Naam, naam, fanya unavyojua.' Nikafanya nnavyojua."

Miezi miwili. Kheir alihesabu kwa vidole, kisha akahesabu tena, akitumaini vidole vitakuwa vimekosea. Miezi miwili amekwenda hamsini, amekaa na jasho, amepitwa na baiskeli.

"Lakini tangi linafika Ijumaa," alisema. "Kama hakipo, linafikaje?"

Matar alimhurumia. Ilionekana usoni mwake.

"Ami, mtu anakwenda hamsini, hawashi kiyoyozi, anajaza upepo kila wiki, anazima injini akisubiri, hafungi breki ovyo. Lisifike Ijumaa kwa sababu gani?"

Ndani ya gari kulisikika mlio mwembamba. Bi Shariffa alikuwa amejificha uso ndani ya bahasha ya joho na mabega yanatikisika. Aliinua kichwa, macho yamejaa machozi ya kicheko, akaiona saa, na kicheko kikakatika.

"Kheir! Ingia!"

Kheir akaingia. Akawasha kiyoyozi. Akakanyaga. Gari, ambalo lilikuwa limesahau kama lina nguvu, liliruka kwanza kwa mshangao, kisha likaondoka. Wakaipita Fuoni, wakampita yule mzee wa pweza, ambaye hakuamini macho yake. Karatasi ya masharti ilipigapiga kioo kwa upepo. Bi Shariffa alishika kiti cha mbele kwa mkono mmoja na joho kwa mkono mwingine.

"Polepole, Kheir! Joho litaolewa na nani mie nikifa?"

"Litaolewa, Bi Shariffa? Joho?"

"Usinisahihishe, tazama mbele!"

Malindi walifika bado dakika nane. Geti lilikuwa limebakia upenyo wa mtu mmoja. Bi Shariffa alipita na upenyo ule, mnene alivyo, bahasha juu ya kichwa kama anavuka mto, huku akimtaja mlinzi kwa jina la mama yake. Upande wa pili aligeuka.

"Jumapili uje kunichukua! Na kwa hamsini, umesikia? Hamsini inatosha!"

Akapotea, na Kheir akabaki ameshika nondo za geti, anacheka peke yake. Kicheko kilimwisha pale alipokumbuka mbao za kuchezea upepo.

Haroub. Abiria saba nyuma. Kidude cha Haroub kilifungwa na mkono uleule wa Mahfoudh, kwa kibano kilekile.

Alipiga simu.

"Haroub, uko wapi? Jambiani? Simama. Zima gari, wateremshe watu, uchungulie chini... Najua kama nilisema tusichungulie. Mimi ndiye ninayekwambia. Chungulia!"

Alisubiri na simu sikioni. Alisikia mlango, kisha changarawe, kisha pumzi za Haroub anayelala chini. Kisha Haroub akasema, "Ya Rabbi."

"Wapeleke mbali na gari," alisema Kheir. "Mpigie Matar."

Alipogeuka aliiona baraza. Watano waliobaki walikuwa pale, magari yao yamepangwa kivulini, na katikati ya benchi nafasi yake iko wazi, kikombe cha kahawa kimefunikwa kwa kisahani ili isipoe. Mahfoudh alikuwa amesimama na mteja mpya, kidude mkononi.

"Huyo amekuja!" alisema Mahfoudh. "Basi muulize Injinia mwenyewe!"

Angeweza kuwafuata mmoja mmoja, kesho, kwa siri. Wazo hilo lilimjia, na lilikuwa tamu, na aliona haya kwa utamu wake. Alikitazama kikombe. Kisha akavua kofia yake ya mkono, aliyoshonewa na mkewe Mwanakhamis kwa miezi minne, akaiweka juu ya benchi, mahali pake pale pale pa katikati.

"Nani aliyejaza tangi leo?" aliuliza.

"Mimi," alisema Masoud, mdogo wao. "Kwani vipi?"

"Izime sigara hiyo."

Akapiga magoti kwenye vumbi, akalala chali na shati lake la kupelekea wageni, akajisukuma kwa visigino chini ya gari la Masoud mpaka ikabaki nje jozi moja ya makubadhi. Watu walisimama. Alisikia vikombe vinawekwa chini, na miguu inamzunguka, na Mahfoudh anasema, "Kheir, mbona unavunja masharti?"

"Injinia," Masoud aliuliza kwa juu, "unaona nini huko?"

Kheir alinyoosha shingo gizani. Tone la kwanza lilimwangukia shavuni, la baridi.

"Leteni ndoo," alisema.