Mihogo ya Benita

Nilikanyaga mapaa ya kijiji chetu kizima bila kujua. Nilikuwa natoka Wamaza kwa miguu, ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, na udongo mwekundu ulizama taratibu chini ya kandambili zangu. Nilidhani nimepotea njia, mimi niliyezaliwa Kitundula.

Kisha nikaona ncha ya mchikichi ikichomoza udongoni. Ni ule wa nyuma ya jiko letu. Mvua ilikuwa imeuteremsha mlima asubuhi ileile, watu wakiwa bado majumbani. Nikakaa pale. Huko chini nilisikia mitwangio ikitwanga polepole, na mtu akicheka kicheko cha mdogo wangu Benita. Nilijua sisikii kitu, lakini niliendelea kusikiliza.

Nilikuwa na tumaini moja. Ilikuwa siku ya tatu tangu tuloweke mihogo yetu, na Benita hana subira. Siku ya tatu haimkuti kitandani: alfajiri yuko kijitoni, anaitoa mihogo ikiwa bado migumu, na mimi ndiye ninayevunjika mikono kutwanga. Tumegombana sana kwa ajili hiyo. Sasa niliomba Mungu pupa yake iwe imemwokoa, kwa sababu kijito kiko mbali na mlima.

Niliteremka mbio. Vishimo vya kulowekea mihogo kandokando ya kijito vilikuwa vimetulia, kila kimoja na alama ya mwenyewe: jiwe, jani la mgomba, sufuria iliyotoboka. Chetu kilikuwa bado kimefunikwa kwa kitenge changu kikuukuu. Jirani yetu, Mama Rosine, alikuwa amekaa kando yake peke yake, miguu ndani ya maji.

"Mama, Benita iko wapi?"

Alikitazama kitenge. "Nilimuita asubuhi, tushuke wote. Akasema, 'Hapana, mama. Yaya alinikataza. Alisema tutatoa pamoja akirudi.'"

Kweli nilimkataza, mimi dada yake mkubwa. Siku ya kuondoka nilimwambia subira huvuta heri, na kwamba akiigusa mihogo ile bila mimi, asiniite tena yaya. Kwa miaka kumi na tisa mtoto yule hakuwahi kunisikia hata neno moja. Hilo ndilo alilolisikia.

Nililia mpaka Mama Rosine akanishika mabega. Sikutaka kushikwa. Ukungu ulikuwa unapanda, na mahali pa kijiji palikuwa pekundu na pazuri, kama shamba lililolimwa jana. Nililichukia hilo pia.

Nikaingia majini, nikaondoa kitenge, nikabonyeza muhogo wa kwanza. Ulikuwa mgumu. Ulitaka siku moja zaidi, na mtu mwenye akili angeurudisha.

Nikaitoa yote hivyohivyo, migumu, kama alivyopenda Benita.