Chumba cha Muzee Ramazani

Emerance alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kuuliza. Hata padri wa parokia alikuwa akimwona kwa mbali anabadili njia. Mshonaji huyu alipanga chumba cha Muzee Ramazani pale mtaani Mabanga, na kilichomsumbua ni kwamba kodi haikupanda kamwe. Tena muzee akiipokea haitii mfukoni, anaipeleka moja kwa moja kwa wanaojaza tangi la maji kando ya msikiti, ambako mtaa mzima unachota bure, Mukatoliki na Muislamu.

Siku moja Emerance alimwomba amuuzie chumba hicho.

“Mama, hiki chumba hakina tena mwenyewe hapa chini,” muzee akajibu.

Emerance akadhani ni uzee.

Sasa muzee amefariki, na mwanawe Selemani, aliyekulia Kisangani, amekubali kuuza. Emerance akauza shamba lake la Butembo apate dola. Kabla ya hapa alikuwa amechoka kufukuzwa na wenye nyumba. Alitaka mlango wake mwenyewe, basi.

Lakini ulimi ulimwasha. Akamuuliza kaka yake Kambale, mwalimu wa historia, maneno yale ya muzee yalikuwa na maana gani. Kambale naye, ukimpa nafasi, hanyamazi.

“Hiyo ni wakfu. Zamani kule Kairo na Damasko, mufanyabiashara akifanikiwa alitoa duka kwa Mungu. Kodi yake inalipia maji ya watu, ao hospitali. Kuanzia pale halirithiwi, haliuzishwi.”

“Na kama mutoto wake hajui?”

“Ataliuzisha, na maji itakauka. Juu ya nini unauliza?”

Emerance alijuta, jamani, alijuta mpaka ugali ukamshinda. Si angenyamaza tu?

Asubuhi Selemani alikuja na karatasi ya mauzo. Dola zilikuwa zimefungwa kwenye kitenge, kiunoni mwa Emerance.

“Papa yako alikuambia kodi ya hapa inaendaka wapi?” akamuuliza.

“Hapana, Mama.”

Akamweleza yote, hadi tangi. Selemani akakunja karatasi yake.

“Basi siwezi kuuzisha.”

“Najua. Na mimi siwezi kununua.”

“Mama, ungenyamaza, chumba kingekuwa chako.”

“Kingekuwa changu,” Emerance akasema. “Na pale kwa maji ningeenda na uso gani?”

Akaketi kwenye cherehani, mpangaji kama jana, akalia.