Muuguzi wa Saa Tisa na Nusu

Kwa miaka tisa Scholastika, au Mama Nancy, mkunga wa zahanati moja ya kijiji huko Newala, hakujua saa ya kutoka kazini. Bomba likikauka, na huko juu mlimani hukauka mara kwa mara, alijitwika ndoo kutoka kwake ili mzazi asirudi nyumbani bila kuoga.

Mwezi Machi wakaja wakaguzi. Mmoja akakuta chumba cha kujifungulia hakijadekiwa, akafoka mbele ya akina mama wa kliniki: "Wewe ni muuguzi au mchunga mbuzi?"

Scholastika akamgeukia Jafari, mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati. Jafari alijua kwamba tangu alfajiri mwenzake amezalisha wawili, na maji yameisha. Akajifanya anasoma daftari.

Tangu siku ile, saa tisa na nusu, saa ya kufunga kazi, ikigonga, Scholastika alivua koti, akafunga mlango, akaenda zake. Kazi aliifanya, moyo haukuwamo.

Wiki ya tatu, hatua chache nje ya zahanati, akapishana na Dorika, mjamzito wa kliniki yake, ameshika kiuno, mama mkwe akimkokota.

"Shikamoo, Mama Nancy. Uchungu umenishika."

"Marahaba. Mimi nimetoka. Nendeni, Jafari yupo."

Jafari alikuwa semina Masasi, na Scholastika alijua. Akaendelea kutembea. Alikuwa amefika kwenye mikorosho ya kanisa aliposikia ukelele. Akatupa mkoba, akarudi mbio. Mtoto alikuwa ameshatoka, pale pale barazani, kitovu kimemzonga shingo, rangi imembadilika. Scholastika akakifungua, akamfuta, akampulizia pumzi, akamsugua mgongo, hata mtoto akalia kidogo, kama paka.

Jafari aliporudi na kusikia yaliyotokea, alimfuata nyumbani.

"Siku ile nilinyamaza, Mama Nancy. Niliogopea cheo changu."

"Ungesema tu, 'Huyu amezalisha wawili tangu alfajiri.' Basi. Hata kofi la mkaguzi ningelivumilia."

Siku ya kliniki Jafari akayasema hayo mbele ya akina mama wote. Wakapiga vigelegele. Scholastika akashukuru, akaendelea kupima watoto, na jioni hiyo hakuangalia saa.

Lakini Dorika alikuja na kikapu cha mihogo. "Mungu akuzidishie, mama. Bila wewe ningemzika."

Scholastika akafungua mdomo amwambie kwamba pale njiani alijua Jafari hayupo. Badala yake akapokea kikapu kwa mikono miwili, na mihogo ile hakuweza kuila.