Pampu Iliyochinjwa Kitengela

Akoth alipohamia kampuni ya pampu za maji pale Kitengela, alikuja na sheria moja kutoka kiwanda cha magodoro alikokuwa meneja wa stoo: mali isiyotoka, itolewe. Godoro lisilonunuliwa hula nafasi ya bure, na mteja akilikosa kwako atalipata kwa jirani. Basi alipokuta vipuri vimelala kwenye rafu na vumbi lao, hakupepesa macho. Aliviuza vyote kwa watu wa vyuma chakavu, akajaza pampu mpya zinazong'aa, na bosi wake, Oyoo, akamsifu mbele ya kila mtu. Sifa tamu hizo, nazo zilimlevya.

Kisha Katoo, msimamizi wa kisima cha jamii kule Bisil, akapiga simu.

"Madam, pampu inazunguka lakini maji haipandi. Impela imeisha. Watu wameleta ng'ombe kutoka mbali, wamesimama tu hapa kwa birika. Tutumie hiyo kitu leo."

Impela ni kigurudumu cha kusukuma maji juu, kinaenea kiganjani. Akoth alikuwa ameuza sanduku zima. Aliwapigia waagizaji wa Nairobi, wakamwambia ziko melini, asubiri. Asubiri! Aliyekosa godoro atalala mkekani. Ng'ombe mwenye kiu atalala wapi? Hapo ndipo ilipomwingia kwamba kipuri hakikai rafuni kwa uvivu. Kinangoja siku ya kuharibika, na siku hiyo haibishi hodi. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alijiambia, "lakini ya Bisil bado yako chini."

Alimwita fundi Munguti, akamwonyesha pampu mpya iliyosimama dirishani na utepe shingoni. Nzima isingefaa Bisil, kwa kuwa ilitaka paneli za sola nyingi kuliko za kule. Ila impela zake zilikuwa zile zile.

"Ifungue."

"Hii, madam? Hii ni mpya kabisa! Bosi ameahidi mtu."

"Ifungue, Munguti. Mimi ndio nitajibu."

Oyoo aliingia akakuta vyuma vimetandazwa sakafuni.

"Akoth! Umeua pampu nzima juu ya kipuri moja?"

"Kosa ni langu, bosi. Niliuza vipuri kama magodoro. Ukitaka kunifuta kazi, nifute nikirudi. Saa hii naenda Bisil."

Akaenda, na Munguti nyuma yake.

Mabomba yalivutwa kwa nguvu za wanaume wote waliokuwepo, impela ikafungwa, pampu ikateremshwa tena. Bomba lilikohoa, likatapika matope, halafu maji yakaja safi. Ng'ombe walisukumana hadi mtu akakanyagwa mguu, na mwenyewe akacheka. Akoth alilia waziwazi, wala hakujifuta.

"Ashe oleng," Katoo alimshukuru, kisha akauliza impela ilipatikana wapi. Akoth alimweleza yote bila kujitetea.

"Kumbe umechinja," Katoo alisema. "Kwetu ng'ombe ikichinjwa, kila nyama iko na mwenyewe. Hii ya wamama, hii ya wazee, hii ya vijana. Sasa hiyo imebaki, umegawia nani?"

Akoth alilitafuta jibu njia nzima, na kabla ya kufika Kitengela alikuwa ameshaanza kuwapigia wasimamizi wa visima, akiwauliza pampu zao zinalalamika wapi.

Asubuhi Oyoo alimkuta stoo. Mabaki ya pampu yalikuwa yamepangwa kwenye rafu, kila kiungo na jina la mwenyewe kwa kalamu nzito: mota ya kisima cha Rombo, valvu ya kile cha Kimuka.

"Na hizi zitatoka lini?" Oyoo aliuliza, uso bado umemvimba kwa hasira.

"Sijui, bosi."

"Na zisipotoka?"

"Zisipotoka, ujue watu wanakunywa maji."

Oyoo alikuwa amekuja kumnyang'anya Akoth ufunguo wa stoo. Alizitazama rafu, akalitazama lile jina la Rombo, kisha akaondoka bila kuuomba.